Gede: mji uliofanya biashara bila uwanja wa soko

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunisoma nikiandika habari za programu, seva na lugha za tarakilishi. Leo naomba tuyaweke hayo kando kidogo tuzungumze magofu. Msiondoke! Mwandika programu na mchimba magofu wana kazi inayofanana sana. Wote wawili hukabidhiwa mfumo mkubwa ulioachwa na watu waliokwisha kwenda zao, bila hata ukurasa mmoja wa maelezo, kisha huulizwa: "Hiki kilikuwa kinafanyaje kazi?"

Mfumo wetu wa leo ni Gede (wengine huandika Gedi), mji wa kale ulio katika kaunti ya Kilifi, kama kilomita 16 kusini ya Malindi, ndani ya kipande cha msitu, karibu na Watamu. Na swali lenyewe ni hili: soko la Gede lilikuwa wapi?

Msicheke. Ukitembea ndani ya magofu hayo na ramani mkononi utaonyeshwa Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, makaburi ya nguzo, visima, na nyumba zenye majina ya kupendeza: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Taa ya Chuma. Majina hayo hayakutolewa na wenyeji wa mji. Yalitolewa na wachimbaji kutokana na kile kilichookotwa ndani ya kila nyumba. Angalia tena orodha hiyo. China imo, Ulaya imo. Ni wazi kwamba hapa palikuwa na biashara, tena biashara ya masafa. Lakini mahali pa wazi panapojulikana kuwa ndipo palipokuwa soko, hapana.

Basi watu hawa waliuziana wapi?

Tuanze Athene

Tatizo moja ni kwamba wengi wetu tukisikia "mji wa kale" kichwani inakuja picha ya Ugiriki. Picha hiyo ina uwanja mkubwa katikati, nao huitwa agora. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukusanya watu. Agora ya Athene ilikuwa soko, mahakama, ofisi na kijiwe, vyote pamoja. Baraza la mji la watu 500 lilikutana pembeni yake. Kulikuwa na maofisa wa kukagua vipimo na mizani ili mnunuzi asipunjwe. Mtu aliyetaka samaki, kesi au habari alikwenda mahali pamoja.

Wachimbaji wa Kimarekani walianza kuifukua agora hiyo mwaka 1931. Kabla ya hapo ilikuwa imefunikwa na mtaa wa watu, na ikabidi mamia ya nyumba yabomolewe ili uwanja wa kale uonekane. Katikati ya miaka ya 1950 jengo mojawapo, stoa ya mfalme Attalos, lilijengwa upya kabisa kwa mfano wa lile la karne ya 2 kabla ya Kristo. Lina orofa mbili, na kila orofa ina vyumba 21 vya maduka.

Stoa ni kitu gani? Ni jengo refu lenye ukuta nyuma, paa juu na safu ya nguzo mbele, watu wakae kivulini wazungumze. Mtu wa Lamu au Malindi akiliona hataomba tafsiri. Atasema, hili ni baraza. Kuna mwanafalsafa, Zeno wa Kition, ambaye mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo alikuwa akifundisha katika stoa moja iliyopambwa kwa picha, na wafuasi wake wakaitwa kwa jina la jengo hilo. Hao ndio Wastoiki ambao vitabu vyao watu wanavisoma mpaka leo. Kwa Kiswahili chetu tungewaita watu wa barazani, basi.

Kumbukeni neno hilo, baraza. Tutalirudia.

Gede yenyewe

Mji ulikaliwa kwa karne nyingi, ukastawi zaidi katika karne ya 15, ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukuta wa nje unazunguka eneo la ekari 45 hivi, na ndani yake kuna ukuta mwingine unaozunguka kiini cha mji. Nyumba za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake kwa boriti za mikoko. Zilikuwa na vyoo na mahali pa kutawadhia ambapo hata leo wageni hushangaa kupaona.

Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliyafikia magofu haya mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliyatambua rasmi mwaka 1927. Uchimbaji mkubwa uliongozwa na James Kirkman kuanzia 1948 hadi 1958.

Jambo linalowasumbua watu ni ukimya wa maandishi. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakaifanya kituo chao mpaka walipohamia Mombasa mwaka 1593. Karibu karne nzima walikuwa umbali wa matembezi ya siku moja tu, lakini katika maandishi yao jina la Gede halitajwi. Kwa hiyo hatuna shahidi wa kutuambia fulani alisimama hapa akauza vitambaa. Tuna kuta tu. Ni kama kupewa programu inayofanya kazi bila msimbo wake wa asili. Itabidi tuisome kwa tabia zake.

Ushahidi kutoka mji mwingine

Yuko shahidi mmoja, ila hakufika Gede. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331. Alifika Mogadishu, akapita Mombasa, akafika Kilwa. Kuhusu Mogadishu alieleza utaratibu ambao kwangu mimi ndio ufunguo wa suala hili. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa vijombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alifikia katika nyumba ya mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Aliyefanya biashara na mgeni kwa bei ya chini mno, au bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo haikuhesabiwa.

Someni tena sentensi ya mwisho. Biashara iliyofanyika bila mwenyeji ni batili. Katika mji wa namna hiyo uwanja wa soko wa nini? Bidhaa kubwa hazikuhitaji meza ya kuanikwa mbele ya kila mpita njia. Zilihitaji nyumba yenye heshima, chumba cha kulala mgeni, ghala linalofungika na jina la mtu anayeaminika. Sisi wa mitandao tunajua maana ya seva mwenyeji. Wazee wetu walikuwa na mwenyeji wa kweli, mwenye mlango na kahawa.

Sababu ya utaratibu huo haiko mbali. Ni upepo. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi huyarudisha. Nahodha aliyeshuka hakuweza kuuza leo na kuondoka kesho. Alikaa kusubiri upepo ugeuke, pengine miezi. Mtu wa kukaa nawe miezi hawezi kuwa mteja tu. Lazima awe mgeni wako, alale kwako, ale kwako, akukopeshe, umkopeshe, na mara nyingi aoe kwako. Biashara ya mali kauli haifanyiki na mtu usiyemjua kwake.

Hesabu milango

Sasa turudi kwenye kuta za Gede tukiwa na wazo hilo. Hapa ndipo wapenzi wa tarakilishi mtafurahi.

Mwaka 1984 Bill Hillier na Julienne Hanson wa London walitoa kitabu chenye mbinu rahisi ya kusoma majengo. Kila chumba kifanye nukta. Kila mlango ufanye mstari unaounganisha nukta mbili. Halafu anza barabarani, hesabu ni milango mingapi mtu lazima aipite kufikia kila chumba. Ndiyo, ni grafu, ile ile tunayoitumia kutafuta njia fupi katika mtandao. Mwaka 2017 watafiti Monika Baumanová na Ladislav Šmejda waliichunguza ramani ya jumba la Gede kwa njia za aina hii.

Tujaribu wenyewe kwa nyumba ya mawe ya kawaida, kwa kurahisisha. Barabara ni 0. Ukiingia unateremka katika ua wa mbele, ambao mara nyingi sakafu yake ni ya chini kuliko vyumba: hiyo ni 1. Kutoka uani unaingia chumba kirefu cha mbele: 2. Nyuma yake kuna vyumba vya ndani vya wenye nyumba: 3. Na nyuma kabisa, katika baadhi ya nyumba, kuna ghala lisilo na mlango wa kawaida, ambalo mtu huingia kwa kupanda na kupitia tundu la juu: 4.

Linganisheni na agora. Pale Athene, mtu yeyote aliyefika uwanjani alikuwa tayari yuko kwenye bidhaa. Gede, bidhaa yenye thamani ilikuwa milango minne ndani, na kila mlango ulikuwa na swali lake: wewe ni nani, mgeni wa nani, umekuja na nani? Muuza maziwa hufika 1. Mgeni wa biashara hukaribishwa 2. Ndugu na jamaa hufika 3. Mwenye mali peke yake hufika 4. Ni mfumo wa ruhusa uliojengwa kwa mawe na chokaa.

Na nje ya vyote hivyo, kabla hata ya mlango wa kwanza, majumba ya mawe ya pwani yetu huwa na baraza, kile kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta. Kiko upande wa barabara lakini ni mali ya nyumba. Hapo ndipo wanaume hukaa, bei husikika, habari za jahazi hufika, ugomvi husuluhishwa na mgeni hupimwa kabla ya kuambiwa karibu ndani. Kwa hiyo uwanja wa mji wa Kiswahili ulikuwepo. Ulikatwa vipande vipande, kila nyumba kubwa ikapewa kipande chake mlangoni.

Lugha yenyewe inalithibitisha hilo. Wagiriki walichukua jina la kusanyiko wakauita uwanja. Sisi tulichukua jina la kiti cha mlangoni. Baraza la mawaziri, baraza la wazee, baraza la mitihani, na huku Kenya baraza la chifu chini ya mwembe. Serikali nzima tumeiketisha kwenye kile kiti cha mawe!

Jumba la mtawala lilifuata mpango huo huo kwa ukubwa zaidi. Lina nyua kadhaa, na mmojawapo Kirkman aliuita ua wa kusikilizia, kwa kuwa aliona ndipo mtawala alipowapokea watu na mashauri yao. Msikiti Mkuu nao, wenye kisima na birika zake, uliwakusanya watu kila Ijumaa. Mahali pa umma palikuwepo, ila palikuwa na kuta na saa zake.

Palipo tupu si patupu

Hata hivyo tusipendezwe sana na nyumba za mawe. Mawe ni ya matajiri. Kati ya kuta zile mbili za Gede kuna eneo kubwa ambalo mtembezi huliona msitu mtupu. Huko ndiko zilikokuwa nyumba za udongo na makuti za watu wengi zaidi: wavuvi, wakulima, wafua chuma, wafumaji. Nyumba hizo zilioza zikarudi ardhini.

Je, wale nao waliuziana mtama na samaki wapi? Jibu la namna ya kulitafuta limetoka Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, Tanzania. Kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walifanya jambo ambalo wachimbaji wa zamani hawakulijali: walichunguza sehemu zisizo na majengo. Walipima usumaku wa ardhi bila kuchimba, wakachukua sampuli za udongo kutafuta kemikali na mabaki madogo sana ya mimea, wakaandika mahali hasa ilipookotwa kila sarafu. Sehemu "tupu" zikaanza kusema. Nyingine zilikuwa na nyumba za udongo. Nyingine zilikuwa kweli wazi, tena kwa makusudi, zikiwa na makaburi na visima, mahali ambapo watu walikutana na kufanya kumbukumbu za wafu wao.

Hili ndilo linalonikera ninaposikia mtu akisema miji yetu ya kale haikuwa na mahali pa umma. Ukitafuta nguzo za Kigiriki utaona pengo, na ukishaona pengo utalitendea kama pengo. Kiwanja kisicho na gofu hakizungushiwi ua. Hakiandikiwi kibao. Siku mtu akitaka kujenga nyumba ya wageni au kuchimba mchanga, pale ndipo atakapoanza, kwa sababu "hapana kitu". Kwa lugha yetu ya tarakilishi, tunafuta faili kwa kuwa programu yetu haijui kulifungua.

Jina likikosewa

Kosa la namna hii lina historia. Kirkman alipotoa kitabu chake mwaka 1954, katika jina la kitabu aliuita Gede mji wa Waarabu. Waandika programu tunajua madhara ya kuipa kitu jina lisilo lake: kila anayekuja baadaye huliamini jina badala ya kuangalia ndani. Kwa miaka mingi watoto wa shule walifundishwa kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kwa ajili ya wageni. Lakini juu ya mlango mmojawapo wa Msikiti Mkuu wa Gede umechongwa mkuki mpana, na mkuki ni alama ya utawala ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao kutoka miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa iliyo huku huku Kilifi. Sehemu kubwa ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa akina mama, ikichanganyika tangu mnamo mwaka 1000 na asili ya Asia, zaidi ya Uajemi, hasa upande wa akina baba. Yule mgeni wa barazani, mnaona, aliingia ndani akaoa. Na mwenye nyumba alikuwa nani? Alikuwa wa hapa.

Kisima na kipepeo

Kwa nini mji ukaachwa? Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na huenda zilifuatana. Wazimba walipita pwani kwa vita mwaka 1589. Mwaka 1593 Wareno na mtawala wa Malindi walihamia Mombasa, na biashara ikawafuata. Waoromo walisogea kutoka kaskazini, na inasemekana jina Gede ni neno lao lenye maana ya kitu cha thamani. Tena kulikuwa na maji: kisima cha Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kuongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanashuka. Mji unaweza kuishi bila uwanja. Bila maji hauwezi.

Mwezi Julai 2024 UNESCO iliingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heri. Na biashara ya masafa haikufa kabisa mahali pale. Tangu mwaka 1993 kuna mradi wa Kipepeo, hapo hapo penye magofu, ambao hununua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wanavijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza nje ya nchi. Shanga za Venice ziliingia, vipepeo vya Kilifi vikatoka.

Basi ndugu msomaji, siku ukipita njia ya Malindi, ingia Gede. Ukiwa Kilifi panda kilimani Mnarani, na ukitokea Mombasa simama Jumba la Mtwana. Usiulize soko lilikuwa wapi. Simama barabarani, andika 0, halafu hesabu milango. Ukifika ghalani, geuka, toka nje, uende pale pasipo na ukuta wowote. Angalia chini kabla ya kusema hapana kitu. Ukiona kigae usikiokote. Kiache pale pale kilipo, kwa sababu mahali kilipo ndiyo nusu ya habari yake.